Mwanzo wa kunakiliwa jeni: majina yaje baadaye

Wanafunzi wa kidato cha sita ninaowasomesha twisheni hapa Wete huja na orodha ileile ya protini zinazosaidia jeni ianze kunakiliwa kuwa RNA: TFIID, TFIIA, TFIIB, TFIIF, TFIIE, TFIIH. Wameihifadhi barabara. Waulize TFIIB ina kazi gani, wote kimya. Ushauri wangu: iweke orodha pembeni, kwanza ujiulize polimerasi ya pili ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni za protini, inakwama wapi.

Kwanza, haijui pa kuanzia. Katika seli zenye kiini DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na polimerasi peke yake haiitambui promota, yaani kipande cha DNA penye mwanzo wa jeni. TFIID ndiyo inayotangulia. Sehemu yake iitwayo TBP hushika herufi za TATA, kiasi cha besi 25 hadi 30 kabla ya pa kuanzia, na kuipinda DNA kama digrii 80. TFIIB hukaa penye pindo hilo, kisha polimerasi hufika pamoja na TFIIF na kuwekwa mahali pake hasa. (Jeni nyingi za binadamu hazina TATA kabisa, TFIID huzijua kwa alama nyingine. Mwambie mwanafunzi mapema, asije akadhani TATA ni sharti.)

Pili, nyuzi mbili za DNA zimesokotana. Hapa mpe mwanafunzi kamba ya usumba aizongoe kwa vidole. Ataona haifunguki bila ya nguvu, na akiiachia inajisokota tena. Nguvu hiyo huletwa na TFIIH, inayoitwa na TFIIE, kwa kutumia ATP, nishati ya seli.

Tatu ndipo ninapokaa sana, maana skuli hupitwa mbio. Polimerasi imeshikwa na protini zilizoileta, itaondokaje? TFIIH hiyohiyo hupachika fosfeti kwenye mkia wa polimerasi, ambao kwa binadamu ni asidi amino saba zinazorudiwa mara 52. Mkia ukipata fosfeti, polimerasi huachana na promota, na vimeng'enya vya kuivika RNA kofia hupata pa kushika.

Baada ya hapo mpe karatasi tupu achore hatua zote. Futa protini moja, akwambie kazi inasimama wapi. Akiweza, mpe swali la sumu ya uyoga iitwayo alfa-amanitini: TFIID ipo, TFIIH ipo, nyuzi zimefunguka, lakini RNA hairefuki inavyopaswa. Aliyeelewa atanyoosha kidole kwenye polimerasi yenyewe.