Mwalimu wa Uyole anajibu: mbegu, lumbesa na mrushaji wa San Diego

*Kamwene Mwalimu. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu tangu utoto, besiboli nimeanza kuifuata kwa ajili ya ukurasa huu. Kuna jambo linanikwaza. Kwetu Simba au Yanga wakimtaka kijana wanakwenda na pesa, mambo yameisha. Kule Marekani nasikia timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua vijana kwanza. Si kuwatunza wazembe huko?*
Msomaji, Mafinga

Kamwene, ndugu yangu. Hapana, siyo kuwatunza wazembe, na nitakueleza kwa nini naitetea drafti, yaani hizo zamu za klabu kuchagua vijana, kwa nguvu zangu zote.

Kabla ya 1965 kule kulikuwa kama unavyosema wewe: mwenye pesa ndiye aliyechota. Mwaka huo wakaanzisha drafti, na wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Rick Monday, kijana wa chuo cha Arizona State, aliyechukuliwa na Athletics, wakati huo wakiwa Kansas City. Tangu hapo klabu maskini ina uhakika kwamba mwaka ikiumia, mwaka ujao itapata kijana ambaye tajiri hawezi kumgusa. Zipo timu zilizoanza kupoteza makusudi ili zichague mapema, ni kweli, na ndiyo maana kuanzia drafti ya 2023 nafasi sita za kwanza zinapangwa kwa bahati nasibu kati ya timu zilizokosa hatua ya mtoano. Ukishika mkia unapata nafasi nzuri zaidi kwenye bahati nasibu, lakini namba moja huna hakika nayo.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote: zamu yako ya kuchagua huwezi kuiuza. Ziko zamu chache za nyongeza wanazopewa wenye masoko madogo, hizo zinaruhusiwa kubadilishwa. Zile nyingine ni zako, uchague mwenyewe. Klabu yenye njaa haiwezi kwenda kuweka rehani ya kesho yake.

Na kuchagua kwenyewe ni kazi. Yankees mwaka 1991 walikuwa wa kwanza, wakamchukua mrushaji Brien Taylor na kumpa dola milioni 1.55, pesa ambayo hakuna chipukizi aliyekuwa ameipata. Mwishoni mwa 1993 akaumia bega kwenye ugomvi nje ya uwanja, na ligi kuu hakuwahi kuikanyaga. Pittsburgh Pirates nao mwaka 2023 walikuwa wa kwanza, wakamchukua mrushaji Paul Skenes. Mwaka 2024 akawa mchezaji mpya bora wa ligi ya National, na 2025 akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora. Zamu ni ileile ya kwanza, jicho ndilo lililotofautiana.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni majirani, unanijua kwa sura, nauza pembejeo pale stendi. Mwaka jana ulisema shuleni mbele ya vijana kwamba San Diego Padres wamefanya kosa kubwa kumtoa Leo De Vries ili wampate Mason Miller. Mimi nimemtazama Miller akirusha. Yule si mtu, ni radi. Bado unashikilia maneno yako?*
Msomaji, Uyole

Marahaba, jirani. Bado nayashikilia.

Tuwaeleze na wenzetu. Tarehe 31 Julai 2025, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Padres waliwapa Athletics vijana wanne: De Vries, shotistopu (mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu) wa miaka 18 kutoka Jamhuri ya Dominika, na pamoja naye warushaji watatu. Wao wakapokea wawili, Miller na JP Sears. Miller anarusha zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160. Umesema radi, nami nakubali. Nimewahi kukaa macho saa nane za usiku, simu nimeiegemeza kwenye birika, nikamwona mpigaji anazungusha gongo wakati mpira umeshatua ndani ya glavu ya mdakaji.

Lakini chukua daftari tupige hesabu. Msimu una mechi 162, kila mechi awamu tisa. Hizo ni awamu 1,458. Mrushaji wa kufunga mechi, anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, kwa msimu mzima anarusha awamu kama 60 au 70. Shotistopu mzuri yuko uwanjani mwanzo mpaka mwisho, mechi 140 au 150, na bado anapiga. Hata huyo wa kwanza angekuwa radi na tetemeko la ardhi kwa pamoja, unampata kwa robo saa ya usiku. Wa pili unalala naye na kuamka naye.

Wewe unauza mbegu na mbolea, kwa hiyo nitakwambia jambo ambalo lilinikuta. Kuna mwaka bei ya viazi ilipanda, malori yakajipanga barabarani mpaka huku kwetu. Nilikuwa nimetenga magunia sita ya mbegu, vile viazi vya ukubwa wa yai la kuku, nimevitandaza kwenye chumba chenye mwanga hafifu, vimeanza kutoa macho ya zambarau, vifupi, vigumu, vizuri kabisa. Dalali akaja na bei yake. Viazi vikubwa vikaisha, akasema lori halijajaa. Nikamwonyesha kile chumba. Akachukua yote, tena kwa lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, halafu juu yake wameshona kilemba, na kile kilemba hakilipiwi. Msimu uliofuata nikanunua mbegu kwa mtu, sikujua imetoka shamba gani. Mimea ikafika magotini ikaanza kulala mchana, jioni inasimama, kesho yake inalala tena. Mnyauko. Ukikata kiazi unakuta duara la kahawia ndani, ukikiminya kinatoa utomvu. Shamba lile nililipumzisha viazi misimu kadhaa.

Kwa hiyo ninapoona klabu inabadilisha wachezaji, jicho langu linakwenda kwanza kwenye kilemba. Magazeti yanaandika jina kubwa, De Vries kwa Miller. Mimi nawatazama wale warushaji watatu walioshonewa juu. Ndipo wauzaji wengi wanapoibiwa bila kujua.

Usiniambie De Vries hajawa mtu bado. John Smoltz mwaka 1987 alikuwa na miaka 20, mtoto wa Michigan, yuko kwenye mfumo wa Detroit Tigers na kule ligi ndogo alikuwa anapigwa kweli: kashinda 4, kapoteza 10. Tigers walikuwa wanakimbizana na Toronto, wakamtoa kwa Atlanta ili wampate Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36. Alexander akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, Tigers wakatwaa kundi lao siku ya mwisho ya msimu. Detroit nzima ikaimba. Wakaingia mtoano na Minnesota, Alexander akaanza mechi mbili akapoteza zote mbili, na Tigers wakatoka. Baada ya msimu wa 1989 Alexander alikuwa ameshaacha mpira. Smoltz aliendelea na Atlanta mpaka 2008, akamaliza maisha yake ya uwanjani na ushindi 213 na mechi 154 alizoingia mwishoni akalinda ushindi, na mwaka 2015 akaingia Ukumbi wa Heshima wa Cooperstown.

Nakupa haki yako mahali pamoja. Miller si Alexander. Ni kijana, na Padres walimpata wakiwa na haki, kwa kanuni za ligi, ya kumtumia hadi mwisho wa 2029. Hawakununua chakula cha siku moja. Kama wangempata kwa wale warushaji watatu na chipukizi mwingine wa kawaida, ningepiga makofi.

Ila hii kwao imekuwa tabia. Mwaka 2022 walimleta Juan Soto kutoka Washington, wakaachia CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood na wengine. Baada ya msimu mmoja na nusu Soto akapelekwa New York. Abrams, Gore na Wood, wote watatu wameshachaguliwa kwenye mechi ya nyota wakiwa wachezaji wa Washington. Padres wapo tangu 1969 na hawajawahi kutwaa Mfululizo wa Dunia, yaani fainali ya ligi kuu. Nawahurumia mashabiki wao kwa moyo wangu wote. Kila Julai wanaletewa sherehe, kila Oktoba wanarudi nyumbani, na chumba cha mbegu kiko wazi.

De Vries akija kuwa mchezaji wa kawaida tu, nitakuja pale stendi mwenyewe, nitakwambia mbele ya wateja wako kwamba ulikuwa sahihi.

*Mwalimu, vijana wanaoitwa mwishoni kabisa kwenye drafti, wapo waliofika mbali au wanaitwa kujaza karatasi?*
Msomaji, Makambako

Wapo, na ndio ninaowapenda. Mike Piazza mwaka 1988 aliitwa na Dodgers raundi ya 62, mtu wa 1,390, na hata hapo ni kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa kocha Tommy Lasorda. Akapiga homurani (mpira wa kupigwa hadi nje ya uwanja) 427, na 396 kati ya hizo akicheza kama mdakaji, nyingi kuliko mdakaji yeyote katika historia, na tangu 2016 yuko Cooperstown. Albert Pujols aliitwa na St. Louis mwaka 1999 raundi ya 13, mtu wa 402. Alimaliza na homurani 703.

Siku hizi raundi ni 20 tu. Mpaka 2019 zilikuwa 40. Waliopunguza wanasema wanaokoa pesa na kwamba aliyebaki anaweza kusajiliwa nje ya drafti. Mimi naona wamefunga mlango usoni kwa mtoto aliyechelewa kukua. Nimefundisha miaka 31. Wale niliowaona wamekomaa darasa la tano na wale waliokomaa kidato cha tatu hawakuwa watoto walewale.

*Ugonile Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume, miaka 15, tunakaa Tukuyu. Tangu mdogo anarusha mawe, parachichi la juu kabisa analiangusha kwa jiwe moja. Alipokuja kwenu likizo mlimpa mpira wa besiboli akarusha, na kijana wenu mmoja akamwambia anaweza kuitwa kwenye drafti ya Marekani. Sasa halali. Anarusha ukutani kutwa, mpaka kiwiko kinamuuma. Nimwambie nini?*
Msomaji, Tukuyu

Marahaba mama, ndaga kwa kuandika. Namkumbuka mwanao. Mkono wake unafuata bega vizuri, hakuna aliyemfundisha.

Kwanza, aliyemwambia habari ya drafti hakumwambia sawa, na kosa ni letu hapa uwanjani. Drafti ni ya vijana wanaokaa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wengine wote, kuanzia miaka 16, wanasajiliwa moja kwa moja na klabu, na De Vries niliyemtaja hapo juu aliingia kwa njia hiyohiyo. Mlango huo Waafrika wameshaupita. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa ndani ya jengo la klabu ambako mama yake alifanya kazi, tarehe 26 Aprili 2017 alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, akiwa na Pittsburgh, na mara ya kwanza tu kusimama na gongo akapiga akafika kituo cha kwanza. Siku ile nililia, mama, sioni haya kusema. Jirani zetu Waganda mwaka 2012 walipeleka watoto wa Lugazi kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kufika, na mwaka 2022 Dodgers wakasajili vijana wawili wa Uganda. Sisi tuna uwanja wa besiboli Dar es Salaam, pale shule ya Azania. Njia ipo, ni ndefu, na ni wachache mno wanaofika mwisho wake. Amalize shule.

Sasa kiwiko. Hili ndilo lililonifanya nijibu barua yako kwa kirefu. Asirushe tena mpaka maumivu yaishe kabisa, na yasipoisha ndani ya wiki mbili mpeleke hospitali wampige picha. Mfupa wa mtoto wa miaka 15 bado unakua, na pale kwenye kiwiko ndipo palipo laini. Kule Marekani mtoto wa umri wake haruhusiwi kuzidisha mirusho 95 kwa siku, na akivuka 75 anapumzika siku nne nzima bila kurusha. Mwanao ukutani anafikisha mia mbili na hakuna anayehesabu. Mwaka 1974 mrushaji Tommy John alichanika mshipa wa kiwiko, na daktari Frank Jobe akamtolea kano kwenye mkono mwingine akamshonea. Alirudi akarusha mpaka 1989. Upasuaji huo hadi leo unaitwa kwa jina lake, na wanaofanyiwa sasa ni pamoja na watoto wa sekondari. Wao wana hospitali za kazi hiyo. Sisi tuna kupumzika.

Mpe daftari. Kila akirusha aweke kijiti, kama tunavyohesabu magunia: vinne vimesimama, cha tano kimelala. Akifika 40, basi kwa siku hiyo. Siku nyingine akimbie, adake, ajifunze kupiga.

Na umwambie nimemtengea mpira. Ulikuwa umefumuka, ule tulioachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani niliyefundisha naye, ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa besiboli. Mpira wa besiboli una mishono ya jozi 108, nyuzi nyekundu, na mimi na fundi viatu wa hapa sokoni tumekaa nao jioni tatu kwa sindano mbili na uzi wa nta. Tumeshona 108, nimezihesabu mwenyewe mara mbili. Uzi mwekundu hatukupata, kwa hiyo ni mweusi. Tunacheza kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ukungu ukishapanda. Aje akiwa na koti, na kiwiko kikiwa kimepona.