Jibu: kwa nini ukumbi mzima Ujiji uligombania swali la nyimbo tatu

Umeuliza kwa nini watu walibishana ulipopiga nyimbo tatu kwenye mchezo wa maswali ili wataje kinachoziunganisha. Salome na Zuwena za Diamond, Cinderella ya Ali Kiba: seti yako ina majibu mawili sahihi, ndiyo maana mmebishana. Moja ni majina ya kike. La pili, Diamond na Ali Kiba wote wana asili ya Kigoma, na hapo Ujiji, mkoani Kigoma, hilo ndilo linalomjia mtu kwanza. Ongeza wimbo wa nne unaoua jibu usilolitaka: Georgina ya Marijani Rajab na Safari Trippers inaondoa Kigoma, yanabaki majina. Uuweke wa pili, usiusubirishe mpaka mwisho, maana watu watakuwa wameshajibu. Na Zuwena angalia, Marijani naye anao wa jina hilo, kwa hiyo piga sauti, usisome kichwa tu.

Piga sekunde 10 hadi 15 kuanzia mwanzo. Ukianzia kwenye kiitikio jina litatajwa, mchezo umekwisha. Simu ifunike, kioo kinaonyesha jina la wimbo.

Alama 4 kwa anayejibu baada ya wimbo wa kwanza, kisha 3, 2, 1. Aliyekosea anyamaze wimbo mmoja, la sivyo watabahatisha ovyo.