Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Hali ya Hewa cha Nyumbani Msimu wa Joto

Maswali tuliyoyapokea safari hii yanahusu kazi moja: kuandika hali ya hewa ya kila siku, msimu wa joto, kwa vifaa vya nyumbani. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

SWALI: Mchana kituo changu kinaonyesha nyuzi 3 au 4 zaidi ya kituo cha serikali kilicho karibu. Usiku wa manane vinalingana. Kihisi, kile kifaa kidogo kinachopima joto, kimeharibika?

JIBU: Hapana. Kingeharibika, kingekosea usiku vilevile. Kinachozidi mchana tu, tena siku za jua zisizo na upepo, kinachomwa na jua: badala ya kupima hewa, kinapima joto la plastiki iliyokizunguka.

Anza na mahali. Kihisi kiwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi, si juu ya zege, kokoto wala paa la mabati. Kiwe mbali na ukuta kwa angalau mara mbili ya kimo chake. Ukuta wa mita 3 unadai mita 6. Ukuta wa matofali hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa polepole jua likishazama, ndiyo maana kipimajoto kilichopigiliwa ukutani huchelewa kushuka jioni.

Kisha tazama kinga, zile sahani nyeupe zilizopangwa moja juu ya nyingine zikiacha nafasi ya hewa kupita. Zikigeuka manjano au zikishikwa na vumbi, zinanyonya jua. Zioshe kila mwezi kwa maji na sabuni kidogo, ondoa utando wa buibui katikati, na uchungulie kwa uangalifu kabla ya kuingiza mkono, maana nyigu hupenda kujenga humo. Hata ikiwa safi, kinga isiyo na feni inaweza kuzidisha nyuzi 1 hadi 3 jua likiwa kali na hewa imetulia. Yenye feni ndogo ya kuvuta hewa hupunguza sana kosa hilo, na kwa anayejali takwimu za kiangazi hatuoni fedha inayotumika vizuri zaidi ya hiyo. Wenye kisanduku cha mbao cha mtindo wa Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti wa karne ya 19, wakumbuke mlango: kaskazini mwa ikweta utazame kaskazini, kusini mwa ikweta utazame kusini, ili jua lisiingie unapoufungua.

Grafu nayo husema mengi. Joto likiruka ghafla kwa robo saa na kushuka, karibu saa ileile kila siku isiyo na mawingu, kuna mwale unaopenya au kioo cha dirisha kinachoakisi jua hadi kwenye kihisi. Simama hapo saa hiyo na utaliona.

Jambo moja tunalisisitiza: usipunguze nyuzi 3 kwenye takwimu zote ili zifanane na za serikali. Kosa la jua hubadilika kwa wingu na upepo, leo nyuzi 4, kesho nusu nyuzi. Kosa unaloweza kulirekebisha kwa kutoa au kujumlisha ni lile lisilobadilika, nalo hupimwa kwa barafu. Ponda barafu ijae kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi kati ya vipande, koroga, tia kihisi ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki usiopitisha maji, kizamishe katikati ya barafu na usubiri dakika 15 huku ukikoroga mara kwa mara. Kikisoma 0.4 badala ya 0, andika 0.4 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kama kosa la kifaa.

SWALI: Nisome saa ngapi? Na joto la juu niliandike kwenye tarehe ipi?

JIBU: Saa 3 asubuhi, ambayo skrini huiandika 09:00, ndiyo saa inayotumiwa na wapimaji wengi wanaosoma mara moja kwa siku. Wakati huo joto la chini unaloliona kwa kawaida ni la alfajiri ya leo, basi liandike leo. Joto la juu ni la jana mchana, liandike jana. Mvua iliyomo ni ya saa 24 zilizopita, nayo wapimaji wengi huiandika jana. Ziko nchi zinazoiandika tarehe ya kusomwa, kwa hiyo amua moja, iandike kanuni hiyo mwanzoni mwa daftari, na usiibadilishe katikati ya msimu. Ukimaliza kusoma, futa kumbukumbu ya juu na ya chini. Asiyefuta leo, kesho atasoma joto la jana.

Wengi hupenda kusoma jioni wakitoka kazini. Tunawashauri waache, na sababu ni hii. Jumatatu joto lilifika 36.2. Saa 11 jioni unasoma, unaandika, unafuta. Wakati huo hewa bado ina nyuzi 34.0. Kifaa kinaanza upya hapohapo kwenye 34.0. Jumanne kunatanda, mvua inanyesha, hewa haipiti nyuzi 27. Jioni unasoma Jumanne: 34.0. Siku ya baridi imeandikwa kuwa siku ya joto kali, na wala hakuna kifaa kibovu. Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea mara nne au tano kwa mwezi, wastani wa mwezi mzima unapanda. Asubuhi nako kuna hatari kama hiyo kwa joto la chini, ila kiangazi saa 3 jua limekwishapanda, hivyo hutokea mara chache.

Vituo vingi vya elektroniki hujifuta vyenyewe saa 6 usiku. Utaratibu huo unafaa kabisa, mradi usichanganye siku za usiku wa manane na siku za saa 3 asubuhi kwenye safu moja. Na ukiishi mahali ambapo saa husogezwa mbele kiangazi, zima marekebisho hayo kwenye kituo. Kibaki kwenye saa ya kawaida mwaka mzima, la sivyo siku moja itakuwa na saa 23 na nyingine 25.

SWALI: Kipimajoto changu ni cha kioo chenye umbo la U, kina vijisindano viwili. Nisome ncha ya juu au ya chini?

JIBU: Ya chini, iliyosukumwa na zebaki, kwa vijisindano vyote viwili: kimoja hubaki palipofika joto la juu, kingine palipofika joto la chini. Kumbuka upande wa joto la chini namba zake zimepinduliwa: kadiri unavyopanda ndivyo zinavyopungua. Jicho liwe usawa wa ncha. Ukitazama kutoka juu au chini unakosea nyuzi nzima kirahisi.

Kosa la ncha limewahi kuathiri rekodi ya dunia. Kwa miaka mingi El Azizia, Libya, ilihesabiwa kuwa na joto kubwa kuliko yote, nyuzi 58.0 za tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta rekodi hiyo. Wachunguzi waliona kwamba kifaa kilikuwa cha aina hii ya U, msomaji alikuwa mgeni wa kazi, na kuna uwezekano alisoma ncha isiyo yake, kosa la takriban nyuzi 7. Rekodi ikarudi Furnace Creek, California: nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913.

SWALI: Jana ilipiga mvua kubwa ya radi, kituo kikaandika 0. Leo jua linawaka, kinaandika milimita 1.8. Kulikoni?

JIBU: Faneli, ule mdomo wa kipimamvua unaopokea maji, imeziba. Wiki za ukavu hujaza tundu lake vumbi, majani, wadudu na kinyesi cha ndege. Mvua inapokuja maji hutuama juu, mengine hufurika, na yaliyobaki hudondoka taratibu siku ya pili. Safisha faneli kila wiki mbili hata kama hakuna dalili ya mvua, weka chujio la waya juu ya tundu, suuza vile vikombe viwili vya ndani vinavyobembea kwa zamu kila kimoja kinapojaa, na hivyo kuhesabu mvua, kisha weka pimamaji juu ya mdomo. Kipimamvua kilichoinama hakihesabu sawa. Vikombe vikibembea wakati wa kusafisha kituo kitaandika mvua ambayo haikunyesha. Iondoe kwenye takwimu na uandike kwenye maelezo kwamba umeiondoa, na kwa nini.

Kukipima ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 16 una eneo la sentimita 201 za mraba, hivyo milimita 10 ni mililita 201 za maji. Yatie kwenye chupa uliyoitoboa kwa sindano, yadondoke kwa muda wa saa moja hivi. Kama kila mbembeo ni milimita 0.2, utahesabu mibembeo 50. Ukipata 46, kifaa kinapunguza kwa asilimia 8. Kumimina kwa haraka hakufai, kwa sababu kikombe kinapopinduka maji huendelea kuingia upande uliokwisha kujaa na hayahesabiwi. Ndiyo maana pia kituo hupunjwa mvua ikiwa ya kumwagika, na mvua za radi za kiangazi ni za namna hiyo. Weka karibu nacho kipimamvua cha kawaida cha kusoma kwa macho. Jumla ya siku ichukue kwenye hicho. Cha elektroniki kikupe saa mvua ilipoanza na kasi yake.

Mvua ya milimita 0.2 iliyoandikwa alfajiri ya anga jeupe ni umande, iite hivyo. Na mvua inayonyesha kila jioni saa ileile ni bomba la kumwagilia bustani: sogeza bomba au sogeza kipimamvua.

SWALI: Unyevu wa hewa ni asilimia 74 asubuhi na 46 mchana. Je, hewa inakauka kiasi hicho?

JIBU: Huenda haijakauka hata kidogo. Hewa ya nyuzi 25 yenye asilimia 74 na hewa ya nyuzi 33 yenye asilimia 46 zina mvuke karibu sawa; kilichobadilika ni joto, maana asilimia hiyo hulinganisha mvuke uliopo na ule ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Ukitaka kulinganisha siku na siku, andika joto ambalo hewa hiyo ingeanza kutoa umande, ambalo vituo vingi huonyesha kando ya unyevu. Kwa mfano huu ni takriban nyuzi 20 nyakati zote mbili. Likipanda na kupita 20, watu wengi huanza kulalamika kwamba jasho halikauki.

SWALI: Nilisafiri siku tatu, na kituo kiliishiwa betri. Nijaze nini?

JIBU: Usijaze kitu. Acha wazi. Sifuri ni kipimo, na wastani wa siku za jirani ni kubahatisha. Kama kipimamvua cha kawaida kilikuwa nje, andika maji yote kwenye siku ya mwisho na ueleze kwamba ni jumla ya siku tatu. Kwenye wastani wa mwezi taja idadi ya siku zilizotumika, mfano siku 28 kati ya 31.

SWALI: Naanza faili kwenye kompyuta. Niweke safu zipi?

JIBU: Tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku (2025-07-14), ili faili ijipange yenyewe; joto la juu, joto la chini, mvua, joto la umande mchana, upepo mkali kuliko wote na mwelekeo wake, kiasi cha wingu kwa sehemu nane za anga, na safu pana ya maelezo. Namba ziwe na desimali moja, bila alama ya nyuzi kwenye kisanduku. Radi, ukungu, moshi na siku uliyoosha kinga viende kwenye maelezo. Toa takwimu kwenye kituo kila wiki, kwa kuwa kumbukumbu ya vifaa vingi ikijaa huanza kufuta za zamani. Na siku utakapohamisha kihisi, hata mita 5, andika tarehe na mahali papya kwa ukamilifu.