Kwa wadogo zangu mnaoandika memwari (tasnifu ya chuo) juu ya wanawake wa siasa

Wadogo zangu wa Lubumbashi, nimetoka kusoma sura zenu juu ya Andrée Blouin, yule mwanaharakati wa uhuru wa Afrika, na kichwa kinaniuma. Makosa ni yaleyale ya enzi zetu. Haya, sikilizeni.

1. Acheni kumwita "mwanamke wa Lumumba". Ni kina Gizenga wa chama cha PSA waliomwalika Kongo mwaka 1960, na alishafanya siasa Guinea kabla ya hapo.

2. Hakikisheni cheo. Hapa ndipo nilipoungua. Memwari yangu ilimwita waziri, kwa kuwa fotokopi niliyoazima ilisema hivyo na neno likaninogea. Siku ya kutetea, mzee mmoja wa juri akavua miwani.

"Mwanangu, wizara gani?"

"Ya mambo ya jamii," nikajibu bila haya.

"Mwaka?"

"1960."

Akavaa miwani, akaanza kuandika, akaandika weee. Mama mdogo, aliyekaa nyuma na maua yake, akadhani naongezewa pointi, akapiga vigelegele. Juri nzima ikacheka. Ardhi ilikataa kunimeza. Serikali ya Lumumba haikuwa na waziri mwanamke hata mmoja! Blouin alikuwa mkuu wa itifaki. Uwaziri niliomvika ulikuwa wa Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini kwetu, mwaka 1966.

3. Kila fishi (kadi ya kunukulia) iwe na ukurasa wa kitabu. Tafadhali.

4. Msikimbilie serikalini. Serikali yenyewe haikufikisha miezi mitatu: tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba, waziri mkuu wake. Kazi ya Blouin yenye uzito ni ya kabla ya uhuru, alipozunguka vijijini upande wa Kwilu na Kwango akiandikisha wanawake katika harakati. Na uchungu alikuja nao: mwanawe René alikufa kwa malaria huko Oubangui-Chari (Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo), akiwa na miaka miwili, baada ya kunyimwa dawa ya kwinini kwa sababu ya damu yake ya mchanganyiko. Sasa fikirini: uchaguzi wa Mei 1960 wanawake wa Kongo hawakupiga kura, haki hiyo waliipata 1967. Chama kilitafuta nini kwa watu wasio na kura? Memwari iko hapo, jamani, nanyi mnaniletea kurasa na kurasa juu ya uzuri wake.

Atakayelishika swali hilo alete mpango wake kabla ya Alhamisi. Ijumaa sipo.