Shingo ya mwanangu imelalia upande, mama mkwe ainyooshe?

SWALI: Shikamoo Dokta. Mwanangu ana miezi miwili, kichwa kinalalia kushoto ila uso anaangalia kulia tu, ukimgeuza analia. Shingoni kushoto kuna kijiuvimbe kigumu. Alitanguliza makalio nikajifungua kwa opareshini. Jirani anasema itaachia yenyewe, mama mkwe anataka kumnyoosha na mafuta ya nazi. Nifanyeje? Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mama, pole. Afadhali umewahi, manake wengine wanatuletea mtoto kashaanza kusimama na kichwa kimebonyea upande mmoja kwa kulalia palepale kila siku.

Kwa maelezo yako inafanana na tortikolisi, yaani ule msuli unaotoka nyuma ya sikio mpaka kwenye mtulinga umekaza ukawa mfupi, sasa unavuta kichwa upande wake na kidevu kinaelekea upande wa pili. Wanaotanguliza makalio inawapata zaidi, ni mkao wa tumboni huo, hukumbeba vibaya. Kijiuvimbe mara nyingi ni msuli huohuo na huwa kinaisha chenyewe baada ya miezi, ila lazima apimwe.

Mama mkwe apake mafuta, hayana neno, ila kuvuta shingo HAPANA jamani. Mazoezi ya kunyoosha yapo ila fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akuonyeshe kwanza kwa mikono yake, hapo hospitali ya Temeke waombe rufaa ya fizio, hospitali za Muhimbili na CCBRT nazo wanayo.

Nyumbani we fanya hivi, mlaze chali kama kawaida ila wewe na mlango muwe kushoto kwake, akitaka kukuona ageuke mwenyewe. Titi la kulia nahisi anagoma, si ndio? Ukimpakata kawaida titi hilo linamtaka aangalie kushoto, kwa hiyo mpe hilohilo kwa upole, asilazimishwe. Akiwa macho mlaze kifudifudi kifuani kwako dakika chache chache mara nyingi kwa siku, usimwache peke yake.

Wakianza mapema hivi wengi wanapona bila kisu, opareshini tunaiwaza kama mwaka umepita na mazoezi yamefanyika ila shingo bado ngumu. Na mwambie daktari amcheki nyonga pia, shida hizi mbili hupenda kuongozana na yeye alikaa makalio chini.

Ila akipata homa, akitapika sana, akilegea au macho yakaenda kombo, usisubiri fizio, mkimbize hospitali siku hiyohiyo.