Tunataka kuzungusha shoo yetu ya mtaani Afrika nzima, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Anko. Sisi ni madansa 7 wa hapa Igoma, Mwanza, tunapiga brekidansi tunachanganya na singeli na bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe, tuna shoo ya dakika 40 tunaicheza stendi na minadani watu wanajaa mpaka wanatutunza. Saivi tunataka tuizungushe, Kampala, Nairobi, Kigali, hadi Dakar na Johannesburg. Kuna promota anasema tumpe hela ya kuanzia atutafutie kumbi. Nauli hatuna, na wawili bado wapo shule. Tufanyeje? (Kiongozi wa kundi, Igoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo promota msimpe hata mia. Promota wa kweli ndo anakulipa wewe, au mnagawana mapato ya mlangoni, na shoo yenu haina mlango, inachezwa kwenye duara la watu barabarani, sasa hizo kumbi anazitafuta za nini?

Dakar na Joburg ziwekeni pembeni kwanza. Sio kwamba hamtoshi, hapana, ila ndege za mji kwa mji humu Afrika ni ghali balaa na nyie mko 7, wakati Ziwa Victoria letu lote limezungukwa na miji inayopenda dansi na kote huko mnafika kwa meli na basi. Mnapanda MV Victoria usiku, asubuhi mko Bukoba mnapiga shoo, halafu Mutukula ni kama kilomita 80 tu, mnavuka mnaitafuta Masaka kisha Kampala, kurudi mnapitia Busia, Kisumu, mnaingia Sirari na Musoma mpaka nyumbani. Na huko hamuendi porini jamani! Kampala kuna Breakdance Project Uganda wanafundisha vijana bure tangu 2006, na Ghetto Kids wametokea hukohuko, video ya mtaani ya 2014 ndo iliwatoa na 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent. Masaka nako kuna wale watoto wa Masaka Kids Africana.

Ila sasa hapa naomba unielewe vizuri maana ndo penyewe: msiende mji ambao hakuna kundi linalowasubiri. Nauli mtachanga, mtakopa, mtapiga shoo za harusi mpate, lakini mwenyeji hanunuliwi. Kundi mwenyeji ndo linajua kona ipi watu wanasimama na siku gani, kibali kinaombwa kwa nani, nyie mnalala wapi, na anayetangaza kwa Kiganda ni nani. Waandikieni kuanzia leo, watumieni video ya dakika mbili isiyokatwakatwa ambayo umati unaonekana, na muwaambie wazi kwamba wakija Mwanza mtawapokea hivyohivyo, chakula na malazi juu yenu. Kupokezana hivyo ndo kunawafikisha mbali makundi yasiyo na mfadhili.

Na hiyo shoo ipunguzeni. Dakika 40 mnadani Igoma sawa, wanawajua, ila mji wa ugenini mtu anawapa dakika moja akiwa na mfuko wa nyanya mkononi, asipokamatika anaondoka. Wazee wetu wa Usukuma walilijua hili zamani sana, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza muda mmoja, huku na huku, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake, nendeni sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora mwezi wa sita mkaangalie jinsi mtu anavyoiba umati wa mwenzake. Kwaiyo anzeni na majembe, yarusheni juu myadake, brekidansi Kampala wanayo tele ila hiyo ya majembe hawana. Dakika 20 zinatosha, mkitunzwa ongezeni.

Kingine ni sakafu, hiki watu wanakidharau sana. Nunueni kapeti la plastiki la kukunja, kabla ya kulitandika fagieni changarawe zote maana kakokoto kamoja chini ya kapeti kanampasua mtu kichwa akizunguka, kisha pigeni solotepu pembe zote. Mkifika mapema weka kiganja kwenye lami, ukishindwa kuhesabu mpaka 10 basi hapo hapachezeki mpaka saa 11 jioni. Na safirini mwezi wa 6 hadi wa 8, kiangazi hicho na hao wanafunzi wenu nao wasubiri likizo.

Makaratasi: pasipoti au hati ya dharura kwa kila mtu, kadi ya homa ya manjano, kundi lisajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na mchukue kibali chao cha kwenda kufanya shoo nje. Wanafunzi wawe na barua za wazazi. Spika na majembe yaandikieni orodha mgongewe muhuri mpakani wakati wa kutoka, msije mkaambiwa wakati wa kurudi kwamba mmeingiza bidhaa. Na mkitaka shoo ya kuaga pale uwanja wa Furahisha, kibali ni Manispaa ya Ilemela, sio Jiji la Mwanza, wengi wanazungushwa hapo.

SWALI: Anko mimi ni dansa wa kike niko Musoma, kundi linasafiri Kisumu na wote ni wavulana, mama amegoma kabisa. Nimwambie nini?

JIBU: Mama ana haki ya kugoma maana hajaambiwa kitu. Kiongozi wa kundi aje nyumbani mwenyewe, akae, aeleze mnalala wapi, namba ya mwenyeji ni ipi, na hela inagawanywaje. Wewe dai chumba chako na mwanamke mwingine kwenye msafara, hata kama sio dansa, awe anashika hela na maji. Wakikataa hilo usiende na hao, Kisumu utaenda na kundi lingine.