Sungura wa Kuchora: Chupa 240 Zilizonifundisha Kusoma Lebo

Juzi usiku nimeshafunga duka, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto, ikaingia picha WhatsApp. Msomaji wangu wa Dodoma, hata salamu hakuweka. Chupa ya losheni yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na ubavuni sungura mdogo wa waridi, amekaa kitako, masikio juu. Chini ameandika: "Dada, hii ndiyo ile isiyojaribiwa kwa wanyama eeh? Nimechukua tatu."

Nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Yule sungura namjua. Niliwahi kumlipia shilingi milioni moja na laki nane.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kwamba nina duka la vipodozi Sinza, lakini habari ya Paje sijawahi kuisimulia yote. Ilikuwa aibu. Leo naisimulia kwa sababu naona wengi wenu mnataka kuingia kwenye biashara hii ya bidhaa "safi", na nisingependa mlipe ada niliyolipa mimi.

Mwaka 2019 alikuja dukani mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Paje, Unguja. Alielekezwa na msusi wa saluni ya jirani. Mama mtulivu, ushungi wa kahawia, anaongea taratibu kama anahesabu maneno. Akasema wageni wake wengi wanauliza kama shampuu na losheni za bafuni zimejaribiwa kwa wanyama. Anataka ambazo hazikujaribiwa, vyumba vyote, na akiridhika atachukua kila miezi mitatu.

Kusema kweli, ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia jambo hilo. Lakini nani alinifundisha kumwambia mteja sina? Nikajibu, "Ninazo, mama."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Kesho yake nikaenda Kariakoo kuzitafuta hizo nilizokuwa "ninazo". Muuzaji wa jumla nilipomwambia nataka za sungura alinitazama akasema, "Dada, kuna za sungura, kuna za twiga, kuna za kipepeo. Chagua mnyama." Tukacheka wote. Nikachukua za sungura, chupa 240 kwa shilingi 7,500 kila moja. Laki nane kati ya hizo zilikuwa mkopo wa vicoba. Nikapiga picha katoni zote zimepangana, nikaweka status: "Mungu ni mwema, mzigo wa Zanzibar." Nilijiona nimefika.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Sauti ileile ya taratibu: "Mwanangu, huyu sungura wako ni wa kuchora."

Mgeni mmoja alikuwa ameingiza jina la losheni kwenye orodha ya mtandaoni ya kampuni zilizothibitishwa. Halikuwemo. Akatafuta kwenye orodha ya pili, halikuwemo. Akamfuata mwenye nyumba akamuuliza kwa upole kwa nini anawadanganya wageni. Mama wa watu, hajawahi kuitwa mwongo maishani mwake, akaitwa kwa ajili yangu.

Mzigo ukarudi kwa boti. Niliupokea bandarini mwenyewe, jua la saa nane, mchukuzi anadai elfu kumi na mimi nina elfu sita. Katoni moja ilikuwa imefunguliwa, na ndani chupa moja imetumika nusu. Hiyo nusu hakuilipa. Najua ni jambo dogo, na najua kosa lilikuwa langu, ila mpaka leo nikiikumbuka ile nusu chupa kuna kitu kinanichoma.

Nilimpigia shangazi yangu Lushoto nikitafuta faraja. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Yaani hela yote hiyo kwa sababu ya sungura? Si wewe uliyekuwa unagombania paja?"

Ni kweli. Nyumbani tulifuga sungura. Baba alijenga vibanda vya mianzi nyuma ya jiko, sisi watoto kazi yetu kuwatafutia majani ya viazi. Na tulikuwa tunawala, kwa ugali, tena kwa furaha. Kwa hiyo sijaja hapa kujifanya malaika. Lakini aliyefuga sungura anajua kitu kimoja: sungura ni mnyama wa kimya. Anaumwa kimya, anazaa kimya. Nimewasikia wakilia mara moja tu, usiku mbwa alipopenya bandani, na ile sauti ilikuwa kama ya mtoto mchanga. Baba aliwachinja kwa kisu kikali na haraka, na alikuwa hataki tuwachezee kabla.

Sasa soma nilichosoma mimi wiki ile, wakati nalala na katoni chumbani.

Kuna jaribio linaitwa la Draize, limepewa jina la mwanasayansi wa Marekani aliyelieleza mwaka 1944. Wanachukua sungura, kwa kawaida wale weupe wenye macho mekundu. Wanamfunga kwenye kifaa kinachoacha kichwa tu nje, ili asijikune. Wanamtia kemikali kwenye jicho moja, la pili linaachwa la kulinganishia. Kisha wanaangalia: limekuwa jekundu kiasi gani, limevimba, limetunga usaha, limepofuka. Kuangalia huko kunaweza kuendelea hadi siku 21. Sungura walipendwa kwa kazi hiyo kwa sababu ni wapole, ni rahisi kuwafuga, na machozi yao ni machache, kwa hiyo dawa haisafishiki haraka jichoni.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Nilikuwa nimekula sungura, ndiyo. Lakini kumfunga mnyama asiyelia, umtazame jicho likioza wiki tatu, ili mimi nipate maskara? Baba angenicharaza.

Miezi iliyofuata nilikuwa nalipa vicoba na kusoma, hakuna cha kusimulia. Niruke hadi kwenye nilichokipata.

Picha ya sungura peke yake haina maana yoyote. Hii iandike ukutani. Yeyote mwenye kompyuta anaweza kuchora sungura. Nembo yenye uzito ina jina la anayeithibitisha, na huyo anayethibitisha ana orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Inayotajwa zaidi ni Leaping Bunny, iliyoanzishwa Marekani na Kanada mwaka 1996. Nje ya huko inasimamiwa na Cruelty Free International ya Uingereza. Wao wanaitaka kampuni iweke tarehe, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jaribio la mnyama, si kwa bidhaa tu bali hata kwa viungo vinavyotoka kwa wauzaji wake, na wanatuma wakaguzi wa kujitegemea. PETA, shirika jingine la kutetea wanyama, nao wana orodha yao, ila hiyo inasimama zaidi juu ya tamko ambalo kampuni inatia saini. Mimi naziheshimu zote mbili, ila ya ukaguzi naiamini zaidi. Nilishatoa neno langu tupu kwa mama wa Paje, najua neno tupu lina thamani gani.

Tazama pia maneno yenyewe. "Bidhaa hii haikujaribiwa kwa wanyama" inaweza kuwa kweli kabisa, kwamba losheni iliyomo chupani haikumgusa mnyama, huku viungo vyake vilijaribiwa na kampuni nyingine iliyoviuza. Ni kama mtu akuapie kwamba hajaiba kuku, kumbe kanunua kwa mwizi.

Ukikosa nembo, angalia nchi ilikotengenezwa. Uingereza ilizuia majaribio ya vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikwenda kwa hatua, na kuanzia Machi 2013 ukazuia hata kuuza vipodozi vilivyojaribiwa hivyo kwingineko. India ilifunga mlango mwaka 2014, na rafu zetu zimejaa vya India, kwa hiyo usidhani lazima uwe na hela ya Ulaya. China kwa miaka mingi ililazimisha vipodozi vinavyoingizwa vijaribiwe kwa wanyama. Tangu Mei 2021 vya kawaida, kama shampuu na losheni, vinaweza kusamehewa kwa masharti. Lakini sheria ya nchi si cheti. Nyingi kati ya hizo zinahusu vipodozi tu, na kiungo kinachoingia pia kwenye rangi ya ukuta kinaweza kupimwa chini ya sheria nyingine za kemikali.

Halafu dada zangu, tuongee ukweli. Katika vipodozi ambavyo China haikuvipa msamaha huo, zimo krimu za kung'arisha ngozi. Mtu ananiandikia kwa huruma nyingi kuhusu macho ya sungura, nikitazama picha yake ya profaili uso mweupe, vidole vyeusi. Mkorogo! Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na bado zinauzwa chini ya meza. Unamhurumia mnyama asijaribiwe sumu, wewe unajijaribia mwenyewe kila jioni bila hata mtu wa kukuandikia matokeo. Samahani, nimepandwa. Lakini siifuti.

Za nyumbani ni ngumu zaidi, maana sabuni ya sakafu na dawa ya choo hazisemi chochote kwenye lebo. Mimi nilipunguza idadi. Jikoni kwangu sasa kuna sabuni ya mche, siki, magadi soda na malimau, basi. Sinki ninalimwagia magadi, nasugua kwa nusu limau, linang'aa. Ila usichanganye siki na dawa ya kufulia yenye klorini, utavuta hewa itakayokulaza. Na sabuni ya mche nyingine ina mafuta ya ng'ombe. Ukiona "sodium tallowate" ndiyo hayo. Kutojaribiwa kwa wanyama na kutokuwa na kitu cha mnyama ni mambo mawili. Kuna rangi ya mdomo isiyomgusa sungura ambayo wekundu wake ni wadudu waliosagwa.

Dawa ya mbu je? Hapo sikudanganyi. Viuatilifu husajiliwa kwa takwimu za sumu, na nyingi ya takwimu hizo zimetoka kwa wanyama. Mimi nina mtoto wa miaka minne na msimu wa mvua Sinza naujua. Nanunua, na nalala usingizi.

Wanauliza kama sabuni ya mwani ya akina mama wa Paje na Jambiani imethibitishwa. Nyingi hazina nembo, na nembo ni gharama. Ninachofanya ni kuuliza: viungo gani, mmevitoa wapi? Mama anayepika sabuni kwa mafuta ya nazi, mwani na karafuu anaweza kunijibu kwa dakika mbili, mara nyingine ananionyesha na sufuria. Liwa nani aliijaribu kwa sungura? Bibi zetu walijaribu kwenye mashavu yao wenyewe. Hata hivyo wewe paka kwanza ndani ya mkono, ngoja siku moja, hata karafuu inaunguza.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari New York, Henry Spira. Mwaka 1980 aliweka tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times akiiuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ile ilitangaza kutoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia mbadala. Leo kuna vipimo vinavyotumia ngozi ya binadamu iliyooteshwa maabara. Mwalimu wa shule! Sisi tunashindwa kumuuliza muuzaji wa jumla swali moja tu kwa sababu tunaogopa ataona tunajifanya wasomi. Mimi sasa nauliza. Kariakoo wananiita "Mama Sungura", na wananiita huku wakinitolea barua ya kampuni kabla sijakaa. Mwezi uliopita nilipeleka mzigo kwenye nyumba mbili za wageni, kila bidhaa ina karatasi yake. Hakuna kilichorudi. Paje sijarudi, yule mama nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, ukapata tiki mbili za bluu, na hapo ndipo ulipoishia.

Kwa msomaji wangu wa Dodoma nilijibu usiku uleule: geuza chupa, nipigie picha maandishi madogo ya nyuma. Ikaja. Viungo vimo, tarehe imo, jina la kiwanda hakuna, na anwani ya barua pepe ni ileile niliyoiandikia mwaka 2019 barua zikawa zinanirudia. Nikamwambia hao ni sungura wa kuchora, asinunue ya nne, ila hizo tatu azitumie tu, hela imeshakwenda.

Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Lakini dada, inanukia vizuri."

Inanukia vizuri, kweli. Zile zilizorudi kutoka Paje nilijipaka mimi, mama yangu na majirani wote wa uani, mwaka mzima.